Mikanda ya Sanduku Lako

Toader,

Maharage yako jikoni, yapashe moto. Ugali uko chini ya kitambaa. Jibini usimpe paka.

Mimi na Ilinca tumepeleka lile tandiko la farasi kwa kaka yangu, ili tulijaribu kwa farasi wake.

Mikanda ya sanduku lako usiitafute, nimeikata. Tandiko tulilonunua mnadani mkanda wake wa tumboni ulikuwa umeoza, na fundi wa ngozi anataka bei ya tandiko jipya. Basi asubuhi, wewe ukikoroma, nikachukua kisu na sindano. Ngozi ngumu, vidole vyangu havitamaniki.

Ilinca akaniuliza, "Mama, sasa baba akienda kazini Italia atafungaje sanduku?"

"Atafunga kwa kamba, kwani yeye nani?"

Tukacheka. Kisha nikaenda kulilia zizini, mtoto asinione.

~~Nitakununulia mikanda mingine kabla hujaondoka Jumapili.~~

Sinunui. Kila mwaka nakufungia sanduku kwa mikono yangu na kukwambia nenda salama. Mwaka huu siwezi, Toader. Nimechoka kulala na mto wako. Usiende.

Ukishakula, njoo umwone mwanao anavyopanda farasi. Tuko huko mpaka jioni.

Mkeo,
mama Ilinca