Kumi na Mmoja Wasiokaa Mbweni

Kwa ndugu yangu Haji,

Assalaam alaykum. Nataraji barua hii itakukuta mzima, goti lako limepoa, na mkeo Bi Mwanahawa amepona kikohozi nilichokisikia nyuma ya sauti yako uliponipigia simu. Sisi huku hatujambo. Mwanangu Salma na mumewe wanakwenda kazini, watoto wanakwenda skuli, na mimi ninakaa dirishani. Mvua ya Uingereza ni nyembamba. Haikatiki wala haizidi. Uliniuliza nina hali gani. Sina hali. Tangu marehemu mume wangu azikwe na nyumba yetu ya Mbweni, huko mjini, ifungwe, ninakula kwa saa, ninalala kwa saa, na sioni tofauti baina ya Jumatatu na Alkhamisi. Sikwambii haya ili unihurumie. Umeuliza, nimejibu.

Sasa ninakuja kwenye jambo lako. Ninaandika badala ya kupiga simu kwa sababu katika simu wewe husema na mimi husikiliza. Nayarudia maneno yako yalivyokuwa, pasije pakawa na ubishi baadaye.

Ulisema: "Dada, nnakuomba karatasi moja tu. Sheha wa mtaa wako kakataa kuwapokea watu wetu katika daftari la wapiga kura mpaka mwenye nyumba aandike kuwa hawa ni wakaazi wake. Mwandikie wanakaa kwako tangu ulivyoondoka. Khamis anagombea, na jimbo lile mtu hushinda kwa kura za kuhesabu vidoleni."

Nikakuuliza ni akina nani. Ukanisomea majina kumi na moja, wote watu wa Uroa, kijijini pwani, mbali na Mbweni. Mmoja wao ni Bi Mtumwa, mkulima wa mwani, ambaye najua hajapata kulala mjini hata usiku mmoja, maana husema mbu wa mjini hawana adabu.

"Nyumba yenyewe wanakaa popo tu," ukasema, "na popo hawapigi kura." Ukacheka. Nadhani na mimi nilicheka.

Kisha ukaacha kucheka. "Ukikataa, umemkataa Khamis. Na ukishamkataa Khamis, mimi na wewe tena tuna nini?"

Khamis ni mwanao, lakini nimemlea mimi katika nyumba hiyo alipokuwa akisoma mjini. Nimemfundisha kusoma kabla hajaota meno ya pili. Kwa hiyo nilikwambia nitafikiri.

Jumapili iliyofuata Salma alinipeleka kwenye kilima kimoja nje ya mji wetu, nikanyooshe miguu. Juu yake hapana nyumba. Pana majani, mawe ya kuta za zamani, na kondoo. Alikuwapo mzee mmoja anayewapokea wageni na kuwaeleza habari za mahali pale. Alisema kilima hicho kilikuwa jimbo la uchaguzi kwa muda mrefu mno, na kilipeleka bungeni wabunge wawili.

"Na waliowachagua walikaa wapi?" nikamwuliza.

"Hapa, bibi. Waulize hawa kondoo."

"Mama, anatania," Salma akaninong'oneza.

"Najua anatania."

Mzee akaeleza. Hapo kale palikuwa na mji, lakini watu waliteremka bondeni kufuata maji. Viwanja vikabaki, na haki ya kupiga kura ikabaki katika viwanja. Tajiri mmoja akavinunua. Siku ya uchaguzi ilipofika, aliwagawia rafiki zake hati za viwanja, wakaja kwa farasi, wakapiga kura ndani ya hema, wakala chakula cha mchana, wakamrudishia hati zake, wakenda zao. Wakati huohuo ilikuwapo miji mikubwa ya viwanda, imejaa watu, nayo haikuwa na mbunge wake hata mmoja. Ndivyo ilivyokuwa, kizazi baada ya kizazi, mpaka jimbo lilipofutwa kwa sheria.

Nikamwuliza kama watu wale walijua kuwa wanasema uongo.

"Uongo upi, bibi?" akajibu. "Kila karatasi ilikuwa sahihi."

Nilisimama pale nikingojea kusikia kitu, hasira au hata baridi. Sikusikia. Nilichofikiri ni jiko langu la Mbweni. Watu kumi na mmoja wangepikia wapi? Chooni wangepokezana vipi? Kisha nikamfikiri jirani yangu Bi Rehema, aliyeniletea uji siku zote za eda. Yeye ndiye anayekanyaga matope ya njia ile kila masika. Akenda kupiga kura yake, itafutwa na kura ya Bi Mtumwa, aliyelala Uroa na kuamka Uroa.

Kwa hiyo, Haji, siandiki. Ikiwa watu hao wanataka kukaa Mbweni, ninawakaribisha. Ufunguo unao wewe. Waje na magodoro yao na ndoo zao, wakae mpaka utimie muda wa ukaazi ambao sheria inautaka kwa mpiga kura, nami nitawaandikia kwa mwandiko wangu mzuri kabisa. Najua muda huo utamkuta Khamis ameshashinda au ameshashindwa.

Liko neno lako jingine, ulilolisema kwa hasira kabla ya kukata simu: "Mbona jina lako wewe limo daftarini, na wewe uko Ulaya?" Nimelipima siku nyingi. Ni neno la kweli.

Nimemwandikia sheha. Watu wako sikuwataja. Nimemwarifu kwamba mwenye nyumba ile hakai tena humo, na nimemwomba aifikishe barua panapohusika ili jina langu liondolewe. Salma alipoisoma alilia. Mimi nilikwenda kuosha vikombe.

Nisalimie Bi Mwanahawa, mkeo. Bi Rehema, jirani yangu, mwambie uji wake sijausahau. Bi Mtumwa mwambie abaki na mbu wake wa Uroa. Na Khamis, mwanao na mwanangu, mwambie shangazi yake anamwombea achaguliwe na watu waliopo. Ukitaka kunipigia, nitapokea. Usipotaka, nitaelewa.

Ni mimi dada yako,
Zuwena binti Makame,
mkaazi wa Uingereza