Kina cha Maji pale Dömös

Komárno, 18 Julai 2022

Binti yangu Ilka,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima, na wote ulio nao melini ni wazima. Mimi sijambo, ila goti la kushoto limeamua kunistaafisha mara ya pili. Daktari anasema nipunguze uzito. Nimemwambia aanze yeye.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hatuwezani. Mimi sisikii vizuri, wewe huna subira, na ikifika dakika ya tatu tumeshagombana. Kwenye karatasi angalau mtu anamaliza sentensi yake.

Huku mvua imetukimbia tangu Mei. Danube imeshuka mpaka mawe ambayo sikuyaona hata mara moja katika miaka arobaini ya kuendesha matishari sasa yako nje, yanaota jua. Watu wanatembea na mbwa wao mtoni hadi karibu na boya la kijani. Jana meli ya watalii ilipita hapa polepole, kama mtu anayetafuta miwani yake sakafuni. Nilidhani ni yako. Nilisimama ukingoni, lakini sikupunga mkono, maana isingekuwa yako ningeonekana mwehu.

Habari kwamba umepewa unahodha nimeipata kwa muuza magazeti. Basi hongera. Hata kama ni hoteli yenye bwawa la kuogelea paani, nahodha ni nahodha.

Baba yako,
Vendel


Passau, 26 Julai 2022

Baba yangu,

Shikamoo. Nimefurahi kupata barua yako, na pole kwa goti. Mimi ni mzima, ila usingizi ni haba.

Sikukuambia habari za unahodha kwa sababu mara ya mwisho nilipotaja meli za watalii ulisema nimesomea kuwapeleka wazee chooni. Hukumbuki. Mimi nakumbuka.

Lile bwawa la paani tumeshalimwaga. Tumemwaga pia maji ya farumi, yale ya kuituliza meli, tumepunguza mafuta na vinywaji, na bado tumbo la meli linaingia majini mita moja na nusu. Katika safari tatu zilizopita ni moja tu iliyofika Budapest kwa maji. Siku hizi tunafanya hivi: meli yetu inasimama upande wa juu wa kina kifupi, na nyingine pacha wake inasimama upande wa chini. Abiria wanafunga mizigo, wanapanda basi, wanazunguka sehemu mbaya, kisha wanaingia kwenye meli ile nyingine, chumba namba ileile, kitanda kilekile, hata picha ukutani ileile. Wengine wanacheka. Bi Wiebke, mwalimu mstaafu wa Lübeck, aliniambia kwa upole kabisa: "Nahodha, nilikuja kuuona mto. Mpaka sasa nimeona vituo sita vya mafuta."

Ofisi wanasema mabasi yanawaharibia jina, kwa hiyo tujitahidi kupita kila inapowezekana. Msaidizi wangu ni Neculai, Mromania wa Galați, ana miaka hamsini na minane. Kwenye sehemu mbaya anatangulia kwa mashua ndogo na upondo wenye alama, ananisomea kina kwa redio. Mashine zetu zinajua maji yaliyo chini ya meli. Yaliyo mbele hazijui, na kokoto zinahama kila wiki.

Baada ya wiki mbili natakiwa kupita kina kifupi cha Dömös. Wewe unapajua kuliko mtu yeyote. Nipe ushauri. Na kama utapenda, niambie kilichotokea pale mwaka 2003. Hujawahi kunisimulia.

Binti yako,
Ilka


Komárno, 1 Agosti 2022

Ilka mwanangu,

Nashukuru kwa barua. Mimi sijambo. Bi Wiebke nimempenda.

Dömös: kaa upande wa kushoto mpaka uone mnara wa kanisa umesimama sawasawa juu ya paa la ghala, ndipo uvuke. Mwendo uwe wa mtu anayekwenda kanisani, si anayetoka. Viwimbi vidogo vinavyong'aa, hapo hakuna maji.

Habari za 2003 kila mtu anazijua. Gejza, msaidizi wangu, alisoma upondo vibaya, tishari likapanda kokoto. Yamepita.

Baba yako,
Vendel


Komárno, 14 Agosti 2022

Ilka,

U mzima? Jumanne niliona kwenye televisheni meli imekwama Dömös. Walionyesha ubavu tu, jina halikuonekana. Nimepiga simu mara nne. Niandikie neno moja tu.

Baba


Budapest, 19 Agosti 2022

Baba,

Shikamoo. Ni mzima. Nisamehe kwa kukaa kimya. Sikuwa na neno lolote lililofaa kuandikwa.

Ilikuwa yangu. Ilitokea tarehe tisa, saa nne asubuhi, jua kali, hakuna upepo. Abiria mia moja na thelathini na wanane. Hakuna aliyeumia, isipokuwa mpishi aliyeungua mkono kwa mchuzi. Walishushwa kwa mashua za zimamoto, kumi kumi. Bibi mmoja aliomba arudie tena. Siku iliyofuata meli ilivutwa hadi karakana ya hapa, usukani umepinda na sehemu ya chini imebonyea kama kopo.

Sasa nikuambie lililobaki, maana hakuna mwingine wa kumwambia.

Neculai alikuwa mbele kwenye mashua. Alisema kwenye redio: mita moja na tisini. Halafu: moja na sabini. Halafu akasema nisimame kwanza, apime tena upande wa kushoto. Mimi niliona mnara wako uko juu ya ghala. Tulikuwa tumechelewa saa mbili, ofisi walikuwa wamenipigia mara tatu asubuhi ile. Nikavuka. Sikusimama. Alirudia, "Nahodha, simama," na mimi nilimsikia vizuri kabisa.

Juzi alikuja bwana mmoja wa ofisini, mtu mwenye adabu, akaniletea fomu. Akaeleza kwamba kina kikiandikwa kuwa kilisomwa mita mbili, basi kosa ni la kipimo, si la nahodha. Akasema mimi ni nahodha mwanamke wa kwanza kwao, wameniweka kwenye picha za matangazo, na itakuwa hasara kwa wote jina langu likichafuka katika msimu wa kwanza. Nilipomuuliza itakuwaje kwa Neculai, akasema Neculai amebakiza miaka miwili tu astaafu, wataachana naye vizuri. Fomu inatakiwa Ijumaa, tarehe ishirini na sita.

Neculai hajui. Kila asubuhi ananiletea kahawa, ananiuliza kama nimelala.

Wewe uliwahi kusimama hapa niliposimama mimi, baba. Wewe jina lako lilibaki safi. Niambie ulifanyaje, na uliishije nalo.

Ilka


Komárno, 22 Agosti 2022

Binti yangu,

Leo sikuulizi hali wala sikuelezi yangu. Barua hii nitampa mlinzi wa karakana kwa mkono wangu, maana posta siiamini kwa siku nne zilizobaki. Napanda treni ya kuja Budapest leo hii. Sitaomba nikuone. Nikikuona nitaanza kuzungumza, na kwa mdomo nitajitetea.

Gejza hakusoma vibaya.

Tulikuwa tumepakia mahindi hadi juu. Tulihitaji mita moja na themanini. Yeye alisimama mbele na upondo, akasema, "Moja na arobaini, Vendel." Nikamwambia anasoma kama bibi kizee anayepima kitambaa. Wenzetu melini wakacheka. Akapima tena, akasema, "Moja na arobaini. Ukienda, unakwenda peke yako." Nikaenda.

Tishari lilipasuka. Mahindi yakanywa maji, yakavimba, siku ya pili yakafumua vifuniko vya sitaha kwa nguvu zake yenyewe. Nilikaa ukingoni nikiyatazama, na hapohapo nikaandika kwenye karatasi kwamba msaidizi alisoma mita mbili. Hakuna aliyenilazimisha. Hakukuwa na bwana mwenye adabu. Nilikuwa na hofu tu. Wewe ulikuwa na miaka kumi na minne, ulikuwa unamwambia kila mtu kwamba baba yako ndiye nahodha bora kuanzia Vienna mpaka baharini.

Gejza alikuwa amefanya kazi nami miaka kumi na mmoja. Walimnyang'anya cheti. Hakupanda meli tena. Alifungua na kufunga geti la ghala la nafaka mpaka alipostaafu. Anaishi mitaa minne kutoka hapa. Nikimwona dukani natoka bila kununua nilichofuata. Miaka kumi na tisa, Ilka. Umeuliza niliishije nalo. Hivyo.

Na uliponiomba ushauri wa Dömös nilikupa mnara na ghala, vitu vya miaka ishirini iliyopita, kwa majivuno. Ningekuambia jambo moja tu: anayepima akisema simama, simama. Sikuweza kuliandika bila kuliandika na hili.

Usiandike kama nilivyoandika mimi.

Baba yako


Budapest, 28 Agosti 2022

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mlinzi alinipa barua, akasema mzee aliyeileta alikaa kwenye benchi ng'ambo ya barabara zaidi ya saa nzima akitazama meli, kisha akaondoka akichechemea. Nilikimbia hadi kituo cha treni. Ulikuwa umeshakwenda.

Nilikukasirikia siku mbili. Nilimkumbuka Gejza aliyenifundisha kufunga fundo la kamba, na nikakumbuka jinsi mimi mwenyewe, mtoto, nilivyoacha kumwamkia barabarani kwa ajili yako. Bado nina hasira kidogo, nakuambia ukweli. Lakini najua barua ile imekugharimu nini, na najua uliiandika kwa ajili ya nani.

Alhamisi nilijaza fomu. Niliandika: moja na tisini, moja na sabini, agizo la kusimama limetolewa mara mbili, nahodha hakulifuata. Nikampa Neculai aisome kabla sijaipeleka. Aliisoma akiwa amesimama, akavaa miwani, akaisoma tena. Akaniuliza kama naelewa kwamba nimejifukuzisha kazi. Nikasema naelewa. Akavua miwani, akasema, "Mimi napima maji mwaka wa thelathini huu. Sijawahi kuona maji yameandikwa kama nilivyoyasema."

Bwana wa ofisini aliipokea. Alikunja fomu vizuri sana. Nimesimamishwa mpaka uchunguzi uishe, na nimelala saa kumi mfululizo.

Na Gejza je, baba?

Binti yako anayekupenda,
Ilka


Komárno, 20 Septemba 2022

Ilka mwanangu,

Salamu. Nimechelewa kujibu kwa sababu sikutaka kukujibu kabla sijawa na jibu. Goti ni lilelile. Mvua imeanza, mto umepanda nusu mita kwa wiki moja, na yale mawe yamerudi chini.

Nilikwenda kwa Gejza tarehe thelathini na moja. Alikuwa uani anamenya pilipili nyekundu, beseni zima. Amezeeka, Ilka. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yakanipotea yote, nikasema tu: "Ulisema moja na arobaini."

Hakuinua kichwa. Akasema, "Najua nilichosema. Nilikuwa nangoja kujua kama na wewe unajua." Kisha akaniambia niende, ana kazi.

Nilirudi baada ya siku tatu. Safari hiyo alinisogezea kiti kwa mguu. Alinieleza mambo ambayo sitayaandika hapa, ya jinsi Terka mkewe alivyoulizwa sokoni, ya mtoto wao wa kiume aliyekataa kusomea meli. Nilisikiliza mpaka mwisho, na sikujitetea. Mwishoni akasema maneno ya uani hayamtoshi. Anataka karatasi. Uongo ulikuwa na muhuri, basi ukweli nao uwe na muhuri.

Tulikwenda ofisi ya bandari pamoja, yeye mbele mimi nyuma. Karani ni mwanamke wa rika lako. Alisoma maelezo yangu, akatafuta kwenye kompyuta, akasema jalada la 2003 lilishafungwa na hana mahali pa kuiweka karatasi hii. Gejza akamwambia hatuna haraka, akaketi. Yule dada akatutazama wazee wawili tumekaa pale kama tunangoja feri, akapiga simu mbili, kisha akagonga muhuri kwenye nakala tatu. Gejza alichukua yake, akaishika kwa mikono miwili njia nzima hadi nyumbani. Hakusema ahsante, na sikuitarajia.

Habari za uchunguzi wako?

Baba yako,
Vendel


Budapest, 6 Oktoba 2022

Baba yangu,

Shikamoo, na nawasalimu wote wa huko. Leo nina habari za kukupa.

Uchunguzi umekwisha. Wameona kokoto zilikuwa zimehama, na wameona pia kwamba nilionywa nikapita. Yule bwana mwenye adabu alihojiwa kuhusu fomu, na siku hizi simwoni. Mimi nimepoteza unahodha kwa mwaka mmoja. Kuanzia Machi nitakuwa msaidizi, chini ya nahodha mwingine, kisha watanipima upya. Nilipoambiwa, nilitoka nje nikalia, halafu nikagundua nalia kwa kufarijika.

Na kuna sheria mpya kwenye meli zao zote: mpimaji akisema simama, meli inasimama, na ofisi haina ruhusa ya kupiga simu kwenye chumba cha usukani wakati wa kupita kina kifupi. Neculai ndiye aliyeandika rasimu, kwa Kijerumani chake kibovu. Hawakubadilisha neno.

Sasa cheka kidogo: mto umejaa mno. Juzi meli pacha ilishindwa kupita chini ya daraja kule Bavaria, wakashusha chumba cha usukani, wakakunja vizuizi vyote vya paani, na bado ikabaki nafasi ya mkono mmoja tu. Abiria wamepandishwa mabasi tena.

Nina likizo hadi Machi. Neculai anarudi Galați Jumatatu ya tarehe kumi na saba, na kabla ya hapo hana pa kwenda. Naweza kuja naye Jumamosi ya tarehe kumi na tano?

Binti yako,
Ilka


Komárno, 10 Oktoba 2022

Binti yangu,

Njooni. Vitanda viwili viko tayari, na dirisha la chumba chako nimelirekebisha, sasa linafunguka.

Nilimwambia Gejza kwamba unakuja na mpimaji wa Kiromania. Aliuliza anatumia upondo wa mbao au wa chuma. Nikasema sijui. Akasema basi mje kwake, atawapikia supu ya samaki, maana mimi supu siijui na mgeni asiteswe. Kisha akaingia ndani, nikawasikia yeye na Terka wakibishana kwa muda mrefu. Terka alikuwa hajanisemesha tangu 2003.

Aliyetoka nje ni yeye Terka. Alisimama mlangoni na kitambaa cha kufutia vyombo, akanitazama goti, akanitazama usoni.

"Saa sita na nusu," akasema. "Na usichelewe, Vendel. Sahani ni tano."

Baba yako