Mvua ya Mabati, Namba Tatu

Jumatatu, 7 Aprili 2025

Nimechoka. Niandike hivyo kwanza ndipo niendelee.

Harusi ya Karatina bado iko kwenye mashine, saa nne nzima za picha, na bwana harusi anataka ionekane kama sinema. Kwenye kundi, maswali sitini na mawili tangu Jumamosi. Kundi letu la wahariri wa video, Kata Unganisha — tulianza watu tisa wa Nyeri na Nanyuki, sasa tumepita elfu mbili, wengine hata sijui wanaishi wapi. Wananiita Mwalimu. Mwalimu, sauti imeachana na mdomo. Mwalimu, render imekwama, video haitoki. Yote nilishajibu! Majibu yamebandikwa pale juu, lakini kusoma hawataki.

Baba amekaa nyuma yangu kwenye kiti chake, mkono wa kulia juu ya mto. Miezi mitano tangu kiharusi. Amebakiwa na neno moja tu: ati. Ati akitaka chai. Ati akishangaa. Ati akikataa uji, na hiyo ati unaielewa vizuri sana. Leo ameisema mara mbili tu. Mwezi wa pili alikuwa akiisema kutwa nzima hadi namwomba anyamaze. Mungu anisamehe.

Jumanne, 8 Aprili

Risper amekuja. Ndiye anayemfundisha Baba kuongea tena, mtu wa Homa Bay, mpole lakini hazungushi maneno. Alimwonyesha picha: kikombe, jembe, ng'ombe. Baba akaangalia dirishani. Saa nzima, dirishani.

Risper akanivuta jikoni. "Wachuka, mzee ameanza kuwacha. Si ati hawezi. Hajaribu tena. Hata hiyo 'ati' yake itaenda." Akauliza kama niko na recording ya Baba akiongea, kitu ya zamani. "Saa zingine mtu akisikia sauti yake mwenyewe inamshtua kidogo. Sikupromise kitu. Tujaribu tu."

Nikasema nitaangalia. Nilijua sina. Miaka kumi na moja nahariri baba za watu — wakibariki mabinti, wakitoa hotuba ndefu zisizo na mwisho, wakizikwa — na wangu akiona kamera anageuza mgongo. Mganga hajigangi.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimekumbuka! Nikiosha vyombo. Mvua!

Mwaka wa 2019, nyumbani Ihururu, nilirekodi mvua kwenye mabati ya zizi. Faili tatu. Kwenye ile ya tatu Baba alipita akimwita ng'ombe: "Kairu! Uka mucii!" Njoo nyumbani. Na Kairu akamjibu kwa sauti kubwa. Nilimkasirikia — Baba, umeniharibia kazi! Akacheka, na kicheko kimo pia. Baadaye ikawa mchezo wetu. Wageni wakija ananiambia, weka ile ya Kairu. Mahali pake pakikaribia anainua kidole tunyamaze wote, halafu anaita pamoja na rekodi.

Niliziweka zote kwenye ile maktaba ya sauti za bure ambamo wahariri wote tulikuwa tunachota. Diski yangu ilipokufa 2021 sikulia, nilijua ziko kule. Leo nimefungua: ukurasa mweupe. Maktaba ilifungwa Desemba. Walituandikia barua pepe mara tatu, kila mtu apakue vitu vyake. Barua zipo. Sikuzisoma. Na mimi ndiye nakemea watu hawasomi!

Baba: ati, mara moja.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimeuliza kwenye kundi. Miaka sita nikijibu, hii ndiyo mara ya kwanza kuuliza, kama mgeni. Nani ana faili mvua_mabati_nyeri_03? Ina sauti ya baba yangu. Tafadhali.

Watu wakaja. Sikutegemea. Wale wale wa render imekwama! Mmoja amepekua diski zote za studio yao. Mwingine ameipata maktaba kwenye kumbukumbu za zamani za mtandao: jina la faili lipo, tarehe ipo, ukibofya kimya. Seth wa Sagana, ambaye mdomo wake hauna breki, akaandika ati siku hizi kuna AI, "nipe tu sample ya mzee, tumtengeneze aongee hata Kiswahili ya Mombasa." Sample! Si ndiyo natafuta! Nikamjibu vibaya, mbele ya watu. Akasema pole Mwalimu, akaendelea kutafuta. Nimeona aibu.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Sikuenda kanisani.

Baba hajasema kitu leo. Hata uji hakuukataa kwa neno, alifunga mdomo tu.

Jumanne, 15 Aprili

IMEPATIKANA!

Ni Moffat, wa Doldol. Anatengeneza video za minada ya mifugo, uso wake sijawahi kuuona. "Mwalimu niko nayo. Nilidownload kitambo. Lakini network ya huku ni ya kuomba Mungu, kesho nashuka Nanyuki nikutumie." Mwendo wote huo, kwa faili ya dakika nne! Nilimwambia asubiri siku ya soko. Akakataa.

Nimempigia Risper, atakuja Alhamisi asubuhi. Halafu nikaenda kwa Baba, nikachuchumaa, nikamwambia Kairu anakuja nyumbani. Aliniangalia. Ameniangalia kwa muda mrefu kuliko wiki hii yote.

Jumatano, 16 Aprili

Imefika saa nane mchana. Nikavaa headphones, nikafunga mlango nisikilize kwanza peke yangu.

Mvua ile ile. Kona ya bati iliyolegea inagonga, ko, ko, ile ambayo kila mwaka Baba alisema ataipigilia msumari. Nikangoja. Dakika ya pili na sekunde kumi. Mvua. Mvua tu. Halafu Kairu analia — anajibu, na hakuna aliyemwita. Hata kicheko hakimo.

Nimerudia mara sita. Nikampigia Moffat. Akafurahi kunisikia! "Aa, hiyo mimi nilisafisha, Mwalimu. Kulikuwa na mzee fulani anapiga kelele hapo katikati. Nilifuata tu ile lesson yako."

Lesson yangu. Imebandikwa pale juu tangu 2020, maandishi matupu: Jinsi ya Kuondoa Kelele ya Mtu Kwenye Mvua. Nilikuwa nimeisahau kabisa. Chora juu ya picha ya sauti kwenye skrini, futa, jaza na mvua ya pembeni. Mfano niliotumia ni faili hii hii, na kiungo chake kinaenda kwenye ule ukurasa mweupe. Chini kuna mtu aliandika: safi sana, ni kama hakuwahi kuwepo. Nami nikamwekea alama ya moyo.

Nilimweleza kuwa mzee huyo ndiye baba yangu; kwenye ujumbe wangu alikuwa amesoma jina la faili tu. Akasema labda ile ambayo haijaguswa iko kwenye diski yake ya kwanza, aliyomwachia shemeji, ataenda kuiulizia. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekanyaga kaburi. Si kosa lake. Nilimwambia hivyo na ni kweli.

Kazi ameifanya vizuri, hiyo ndiyo inaniuma. Nimetafuta mshono nikaukosa. Nilimfundisha vizuri mno. Nimelia kwenye meza ya kazi kama mtoto.

Alhamisi, 17 Aprili

Moffat bado kimya.

Risper yuko hapa. Nimemwambia sauti haimo, arudi tu Jumanne. Akavua koti. "Weka." Nikasema ni mvua tupu, itamvunja moyo. "Ni mvua ya kwao, Wachuka. Wewe weka."

Nimeweka, kwenye spika kubwa. Naandika kwa sababu siwezi kumtazama usoni muda wote.

Mvua imeanza. Baba amefungua macho. Bati linagonga, ko, ko. Kichwa kinatikisika — anajua! Anajua ni wapi.

Dakika moja na nusu.

Nataka kuzima kabla ya pale pake. Nimenyoosha mkono, Risper ameushika.

Dakika mbili. Kidole! Mkono wa kushoto umetoka kwenye blanketi, ameinua kidole. Tunyamaze.

Sasa ni pale. Pale nilipofundisha watu kumfuta. Mvua tu, na Baba anangoja, ananiangalia mimi. Zimebaki sekunde chache Kairu ajibu. Mdomo wa Baba umefunguka, na haujakaa kama wa ati, ulimi umerudi nyuma kabisa, ni kama anaanza Ka—