Kiti cha Mbele cha Pijo

Jumanne, 2 Septemba 2025

Leo tena tumesukuma Pijo. Mimi, jirani yangu wa kinu cha unga, na wanaume wawili waliokuwa wakipita zao. Ikakohoa, ikawaka, mume wangu Mbuvi akatoa mkono dirishani kutushukuru, akaenda. Tukabaki na vumbi mdomoni.

Nimechoka na gari hili! Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunijibu. Mume wangu anampenda mtoto wetu Mutie, halafu Pijo, halafu mimi — kama sijasahau mtu katikati.

Namba ya kilomita pale kwenye dashibodi ina nafasi tano tu. Zikijaa tisa zote, inarudi sifuri. Tangu tuinunue imerudi sifuri mara sita, na kila mara Mbuvi amesimama papo hapo, hata kwenye kona, akatushusha, akaomba, tukapanda tena. Ya saba iko karibu. Laki saba! Watu hapa Tawa humuuliza siri ni nini. Anawaambia ni oili kwa wakati na maji ya mvua.

Maji ya kisima chetu yana chumvi, yanakula rejeta. Kwa hivyo mtungi mweupe ni wa maji ya mvua, wa Pijo peke yake. Wa manjano ni wa kisima. Tangi letu limebaki robo na mvua haiji mpaka Novemba, lakini mtungi mweupe haukosi maji. Mimi naoga ya chumvi.

Jumamosi, 6 Septemba

Alfajiri tulitoka kwenda Nunguni kuchukua kabeji na sukuma za kibanda changu cha mboga. Kabla ya kufika juu, Pijo ikachemka. Mvuke mpaka hatuoni barabara. Tukakaa kando mpaka ipoe, mimi natafuna mkate mkavu, yeye anaizunguka bila neno.

Tuliporudi Tawa tukapitia kwa Kaloki, fundi wetu wa siku zote. Akafungua rejeta, akachovya kidole, akaramba.

"Hii ni maji ya kisima. Nani ameweka Pijo chumvi?"

Mbuvi akanitazama mimi. Mbele ya gereji nzima! Akasema wanawake wakichota maji hawaangalii mtungi ni upi. Wakacheka sana. Ni kweli mimi ndiye hujaza mitungi, basi nikabeba lawama. Kaloki ameisafisha, anasema tumebahatika.

Nimelala na mwanamume huyu miaka yote hii, na leo ameniuza kwa rejeta.

Jumapili, 7 Septemba

Kabla ya kanisa nilionja mitungi yote miwili. Mweupe — mvua. Manjano — chumvi. Sikukosea! Ni yeye aliyeshika wa manjano akamimina, mchana kweupe.

Nilipanga kumwambia tukiwa njiani kurudi. Lakini kanisani mwimbishaji alileta wimbo mpya, ule ulioandikwa kwenye ubao mbele. Mbuvi mwenye sauti ile! Alisimama mdomo umefungwa mwanzo hadi mwisho. Nyimbo za zamani huziimba zote bila kufungua kitabu, na sijawahi kujiuliza kwa nini hafungui.

Njiani nikaongea habari za mahubiri tu.

Jumatano, 10 Septemba

Mungu alikuwa karibu leo.

Wazazi wa shule ya msingi waliweka tuta barabarani juzi. Jipya, limepakwa rangi nyeupe, hata mwenye haraka analiona kutoka mbali. Mimi niliona. Nikangoja ashushe gia. Hakushusha. Nikapiga kelele — Baba Mutie! — tukaruka, kabeji zikanipiga shingoni, egzosi ikabaki barabarani.

Akashuka akifoka. Watu gani hawa wanaweka bampu bila kuambia wenye magari? Nikamwambia, si limepakwa rangi? Akauliza, rangi gani?

Halafu akaenda kuokota egzosi.

Sasa naelewa. Mashimo ya zamani anayakwepa yote, hata yale ninayoyasahau mimi. Lile la darajani, lile la karibu na kinu. Anaendesha kwa kukumbuka! Barabara yetu iko kichwani mwake yote, kwa hivyo hakuna aliyejua, hata mimi niliyekaa kando yake. Lakini kitu kipya hakioni. Na punda? Na mtoto anayevuka?

Watoto walikuwa darasani. Naendelea kujiambia hivyo, walikuwa darasani.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimemwambia tukila. Polepole, kama mtu anayegusa jipu. Nikasema siku hizi mtoto wa jicho anatolewa upesi, unaingia asubuhi unarudi nyumbani. Akaweka kijiko chini.

"Nani amekuambia mimi ni kipofu?"

Hakuna aliyesema kipofu. Nikasema twende tu wakuangalie. Akasema anajua mtu aliyeenda kuangaliwa akarudi akishikwa mkono. Kisha akasema jambo ambalo limenikaa. Wakimnyang'anya Pijo, atakaa wapi? Aliuliza kweli, kama anataka jibu. Nikasema utakaa na mimi. Akatoka nje kuifuta vumbi.

Ugali wake nimempa kuku.

Jumanne, 16 Septemba

Nimepata njia. Sijui kama ni njia au ni dhambi.

Nimekuwa yule mke wa makelele ndani ya gari. "Ng'ombe kushoto. Pikipiki inakuja. Huyo mama anavuka, ngoja." Mbuvi ninayemjua angesimama aniambie nishuke niende kwa miguu — zamani hata nikishika dashibodi tu alikuwa anakasirika. Leo alinifuata tu. Tulipofika sokoni, penye watu wengi, akapunguza mwendo akauliza kwa sauti ndogo:

"Na sasa?"

Nikamwambia sasa nenda.

Basi ndivyo tunavyokwenda. Hajakubali lolote, na mimi sijamwomba akubali. Nikishuka kwenye gari macho yananiuma kama ni mimi nimeendesha. Jioni nalala na viatu.

Jumatano, 24 Septemba

Mutie amepiga simu. Jumamosi tunakwenda Mtito Andei kujuana na wazazi wa Wakiuru, msichana anayetaka kumwoa. Ni watu wa Nyeri, wamekaa pale barabarani miaka mingi, wana hoteli inayolisha madereva wa malori. Mutie anafanya kazi petroli stesheni ya jirani, huko ndiko alimwona.

Akasema, "Mama, kuna rafiki yangu ako na Probox, anaweza kuwaleta mpaka huku."

Mbuvi akanipokonya simu. "Niingie kwa watu na gari ya kuazimwa? Wajue mtoto wao anaolewa na familia ya kuazima?" Mutie akacheka, akasema sawa mzee, kuja na Pijo yako.

Angejua! Lakini nikimwambia Mutie, nimemvua Mbuvi nguo mbele ya mtoto wake. Barabara ya Mombasa si barabara yetu. Hana ramani yake kichwani. Malori yanaovateki yakiwa matatu matatu. Naogopa, na sina mtu wa kumwambia naogopa. Nimesali mpaka nimerudia maneno.

Jumamosi, 27 Septemba

Tumefika. Mikono yangu bado imekunjana.

Mpaka mji wa Wote haikuwa mbaya. Tulipotokea barabara kuu karibu na Makindu, jasho likaanza. Nilisema kila kitu. Lori mbele. Ngoja. Basi linakuja. Bado. Bado. Kaa hapo hapo. Tumekaa nyuma ya lori moja la saruji mpaka nimejua kila neno lililoandikwa kwenye turubai lake. Wa nyuma wanapiga honi, wananyoosha mikono, wanatutukana. Mbuvi ameshika usukani kwa mikono miwili, shingo mbele. Pijo yenyewe ilitulia kabisa, inanguruma tu vizuri, jua kali na haichemki.

Tulipopita Kibwezi niliangalia dashibodi. Tisa, tisa, tisa, tisa, tisa. Nikashika pumzi. Zikageuka zote pamoja. Sifuri.

Laki saba! Miaka yote hii ameisubiri. Alikuwa amesema ya saba ataomba akiwa amepiga magoti. Nikangoja awashe indiketa. Gari likaendelea. Akawa anatazama lori tu.

Nikasema, "Baba Mutie, imefika."

"Nimeona," akasema.

Hakuangalia chini hata kidogo. Nikageuza uso kwenye dirisha langu nikalia, kimya kimya, huku namwambia lori limewasha taa za breki.

Jumapili, 28 Septemba

Watu wazuri sana hawa. Tumeenda nao kanisani, tumekula mukimo na mbuzi mpaka nimefungua zipu. Ngure, baba ya msichana, ni mtu wa kucheka. Ameizunguka Pijo akipiga bodi kofi. Mbuvi amemsimulia oili na maji ya mvua, amemsimulia laki saba. Nimemwona mume wangu akiwa na furaha ambayo sijaiona mwaka huu. Wakiuru ana heshima, anamtazama Mutie anapoongea. Nimempenda.

Baada ya chai mama yake, Gakenia, akasema kwa nini tungoje mpaka Desemba? Kesho si yeye na Wakiuru waandamane na sisi, waone boma letu Tawa, warudi na gari za abiria Jumatano?

"Pijo iko na nafasi!" Mbuvi akasema. Alikuwa wa kwanza kusema.

Nikacheka nao. Ningefanya nini.

Jumatatu, 29 Septemba

Naandika ndani ya chumba cha wageni, mlango nimefunga. Wananingoja nje.

Nilitoka na begi langu asubuhi, chai tumeshakunywa, ndizi na viazi vimepakiwa. Nikafungua mlango wa mbele kama kawaida. Ngure akanishika bega kwa upole kabisa.

"Hapana, mama. Hapo ni pa Gakenia leo. Mkwe akienda kuona boma mara ya kwanza anakaa mbele na mzee. Wewe kaa huko nyuma na msichana wako, upumzike."

Na ni haki. Hata kwetu ni hivyo. Ningekuwa mimi mwenyeji ningesema vivyo hivyo. Gakenia akawa ameshaingia, amevaa kitambaa kipya cha kichwa, ameweka mkoba wake magotini. Ana furaha kama mtoto. Nikamwangalia Mbuvi. Alikuwa ameshika mlango wake, ameelekea upande wangu, lakini najua mahali niliposimama mimi nilikuwa kivuli tu.

Nikasema tumbo linanisumbua. Nikarudi huku ndani.

Baadaye kidogo akaja. Alipapasa ukutani mpaka kitandani — nyumba hii haijui. Akakaa. Nikamwambia yote. Kwa mara ya kwanza nimeyasema kwa mdomo, si kwa lori na ng'ombe. Nikasema, mtungi sikukosea. Nikasema, tuta lile lilikuwa jeupe. Nikasema, namba iligeuka na hukuiona, Baba Mutie, hukuiona. Leo mbele anakaa mama ya watu ambaye hajui kwamba anatakiwa kuona. Atakuwa anakusimulia habari za kanisa. Siwezi kupigia kelele malori kutoka nyuma kwenye viazi, nikiwa mkwe.

Nilifikiri atafoka. Alikuwa anageuza ufunguo mkononi, upande huu, upande ule.

"Nenda uwaambie Pijo imekataa," akasema.

Mbuvi! Aliyewahi kugombana na mchungaji aliyesema Pijo imezeeka. Nikamwuliza, niseme hivyo kweli? Akasema, "Sema imechoka. Sema ni engine. Sema chochote." Akajifunika uso kwa kofia yake.

Nikatoka, nikawaambia. Gakenia akashuka pole pole, akakunja kitambaa chake. Wakiuru akasema pole mama. Mutie alinikazia macho, kwa sababu alikuwa ameisikia ikiwaka asubuhi. Nikadhani imeisha. Nikadhani sasa tutazungumza habari ya Probox.

Lakini hii ni Mtito Andei! Kila nyumba ya tatu ni gereji. Ngure akapiga makofi.

"Hiyo haiwezi kutushinda. Mzee amefikisha laki saba, aharibikiwe kwangu? Niko na fundi hapa mbele, Muindi, anatengenezea malori ya Kongo. Dakika kidogo tu mtaondoka."

Amemtuma Mutie akamwite. Mutie alikuja kuchukua ufunguo, Mbuvi akamnyooshea bila kuinua kofia. Mutie alisimama pale mlangoni, akamtazama baba yake, akanitazama mimi. Nikamwambia nenda, wanangoja.

Sasa Muindi ameshafika. Nasikia boneti ikifunguliwa. Ngure anamweleza ni gari ya mkwe, aangalie kila kitu, asiache hata waya. Mbuvi amenishika mkono na hauachi. Pijo imewaka kwa mara moja, haikukohoa hata kidogo. Inanguruma pale nje, na Muindi anaita watu waje wasikie engine ilivyo safi.