Figo ya Corinne na Nzi wa Aprili

Jumapili, 16 Aprili

Theluji imebaki kwenye vivuli vya misonobari tu. Maji ya mto bado baridi, lakini siku si nyingi wadudu wa masika wataanza kuibuka, na samaki trauti watapanda juu kuwala. Terwilliger wa duka la uvuvi anasubiri nzi wangu bandia wa kunasia samaki, kama kila mwaka. Sina hata mmoja!

Mikono inatetemeka. Ni dawa, ile inayouzuia mwili usiikatae figo niliyopandikizwa. Asubuhi nzima nimekaa mbele ya jiliwa lililobana ndoana ndogo kama punje ya mchele. Uzi ukakatika. Unyoya ukakatika. Ndoana ikaniingia kidoleni. Nikacheka peke yangu. Mwaka jana nilikuwa nafungwa kwenye mashine ya kusafisha damu, leo shida yangu ni unyoya. Mungu anipe shida za namna hii mpaka nife.

Corinne kapiga simu. Anakuja keshokutwa na basi la Binghamton, anataka kuona mali yake inavyotunzwa. Hapa Roscoe watu hawajaacha kulisema: mtalaka wangu ndiye aliyenipa figo! Kule hospitali walimuuliza sababu. Akawaambia alikaa na huyu bwana miaka kumi na tisa, alikuwa ameshampa kila kitu isipokuwa hiyo.

Jumanne, 18 Aprili

Kafika. Kisanduku kidogo, nywele kazikata fupi. Hata koti hajavua, kafungua kabati la jikoni, kakuta soseji, kazitupa. Chumvi nayo kaificha. Nimesemwa mpaka masikio yamewaka moto. Raha iliyoje, kusemwa.

Terwilliger kapita kuulizia nzi. Nikamwambia wiki hii. Alipoondoka, Corinne akanitazama mkono, namna kijiko kilivyokuwa kinagonga kikombe. Kavuta kiti changu, kakaa mbele ya jiliwa.

"Nionyeshe."

Zamani meza hii alikuwa akiiita mke mwenza. Kila masika manyoya ya jogoo ndani ya supu yake, na mimi siku nzima mtoni. Leo kaikalia mwenyewe.

Alhamisi, 20 Aprili

Nzi wake wa kwanza: kuku aliyenyeshewa. Nilimwambia hivyo. Akasema nami niliwahi kuonekana hivyo, siku ya harusi.

Lakini anajifunza upesi. Kazi yake ni saluni, na anasema hizi ni nywele tu, tena hazilalamiki. Mkia kwanza. Kisha manyoya ya mbweha yasokotwe kwenye uzi yawe mwili. Mabawa ni ya unyoya wa ubavuni mwa bata mwitu. Mwisho unyoya wa shingo ya jogoo, uzungushwe mpaka usimame kama kope — hizo kope ndizo zinazomweka nzi juu ya maji asizame. Kabla ya chakula cha mchana kamdondosha mmoja kwenye bakuli la maji. Kasimama! Tukamtazama wote wawili kama mtoto anayejifunza kutembea.

Saa tisa simu. Priscilla, muuguzi wa kliniki. Majibu ya damu si mazuri, figo inalalamika. Nipunguze ile dawa, Jumatatu nipimwe tena. Corinne akauliza nani. Nikasema duka la dawa.

Sikuweza kula.

Ijumaa, 21 Aprili

Kanigundua. Nilikuwa nje napasua kuni, Priscilla kapiga tena, Corinne kapokea. Nilipoingia na mzigo wa kuni alikuwa kasimama katikati ya jikoni, simu mkononi. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Figo ile nilizaliwa nayo, Lyle. Nina haki ya habari zake."

Nikamwambia sikutaka ajute. Maana ikifa, atakuwa kakatwa bure.

"Ikifa tutaizika," akasema. "Lakini usinifiche. Ulinificha mambo ya kutosha nilipokuwa mke wako, na wakati ule sikuwa na kovu."

Nikaweka kuni chini. Nikaomba radhi. Akarudi mezani kufunga nzi, na mimi nikawa namchambulia manyoya, tukakaa hivyo mpaka jua likahama dirishani. Naogopa. Lakini siogopi peke yangu. Ni kitu kingine kabisa.

Jumatatu, 24 Aprili

Damu wamechukua. Majibu keshokutwa.

Tukapeleka nzi dukani. Terwilliger kamgeuza mmoja kwenye mwanga, kauliza kama mikono yangu imerudi. Corinne akajifanya anaangalia kofia. Nikasema hii ni mikono ya huyu hapa. Mzee kamtazama, kawachukua wote, kauliza lini tutaleta wengine. Tutaleta, akasema Corinne. Sikumsahihisha.

Jumatano, 26 Aprili

Imetulia!!

Priscilla anasema dawa ndiyo ilikuwa imezidi, figo yenyewe haina neno. Corinne kakaa kwenye ngazi za nje, akalia machozi ndani ya aproni, kisha kaniuliza nimekaa nikingoja nini, twende mtoni.

Nikabaki juu ya mawe, daktari hataki niingie maji baridi. Yeye ndani ya suruali yangu ya mpira, kajifunga mkanda chini ya kwapa. Mchana wadudu wakaanza kuibuka, mto wote ukawa unameta mabawa. Akarusha. Vibaya. Akarusha tena. Nzi akateremka na maji, wima, na trauti akaja kumchukua polepole, kama anayepokea alichoahidiwa.

Alikuwa mdogo. Corinne alimshika chini ya maji muda mrefu kabla ya kumwachia.

"Kumbe huku ndiko ulikokuwa unakuja."

Nikasema kila mwaka nilimwambia.

"Uliniambia nakwenda. Hukuniambia twende."

Sina la kuongeza hapa. Nashukuru nimeishi nikalisikia.

Jumamosi, 29 Aprili

Mikono imetulia. Tangu dawa ipunguzwe imekuwa ikitulia kidogo kidogo, na leo asubuhi, Corinne bado kalala, nimefunga nzi mmoja mwenyewe. Safi. Mabawa sawasawa. Nilipaswa kurukaruka kwa furaha. Badala yake nikamtumbukiza mfukoni mwa shati kama mwizi.

Basi la Binghamton linapita saa sita. Kisanduku chake kiko mlangoni tangu chai. Jumatatu saluni inamngoja.

Alikuja kavaa koti. Kaniuliza mikono vipi leo. Nilikuwa nimeshika kikombe cha kahawa, kimejaa mpaka ukingoni.

"Bado kidogo," nikasema.

Akakitazama kikombe. Hakikudondosha hata tone. Akanitazama mimi. Nikajua anajua.

"Basi nipishe kiti," akasema.

Koti hajalivua. Anafunga, mimi nipo dirishani na kalamu. Basi limeshatokeza kwenye daraja, naliona. Litasimama kwenye kituo cha mafuta, halikai. Nimemwambia basi hilo. Kasema analisikia, nimpe unyoya mwingine, wa kahawia, na niweke kalamu chini, basi liende.