Barnaby Aliposimama Mlangoni

Wormbrook,
Herefordshire, Uingereza.
22 Novemba, 1763.

Mpendwa mdogo wangu Silvanus,

Salamu zetu zivuke bahari zikukute mzima, wewe na wifi yangu Dorcas. Kifua kimepoa, au bado unakohoa kama kondoo mzee? Sisi hatujambo. Goti langu tu hunisumbua mvua ikinyesha, na huku hunyesha kila siku ninayofua.

Matofaa yamezaa mwaka huu mpaka matawi yakategemezwa kwa miti. Lakini tumeletewa ushuru mpya juu ya pombe ya matofaa. Kulipa tumezoea. Kinachouma ni kwamba mtu wa ushuru sasa anataka kuingia nyumbani mwako apendapo, apekue hadi chini ya kitanda.

Basi niache nijisifu kidogo. Kijiji kilimchagua Barnaby wangu, mpwa wako, akatusemee Hereford kwenye mkutano wa kuupinga ushuru huo. Vijiji vingine vinapeleka wazee wenye mvi, sisi kijana ambaye ndevu bado zinamtafuta!

Barnaby anasema haki ya mtu juu ya nafsi yake na nyumba yake hakupewa na mfalme. Alizaliwa nayo kama pumzi. Serikali ni mlinzi tuliyemweka wenyewe atulindie shamba, na mlinzi akianza kujifanya mwenye shamba, lazima aulizwe. Mimi sikusoma kupita Zaburi, lakini hilo nalielewa vizuri.

Jumamosi tarehe 12 asubuhi alikuja Bwana Tuffley, mtu wa ushuru. Barnaby akasimama mlangoni.

“Una hati ya hakimu?”

“Sina. Nina haraka.”

“Basi wewe na haraka yako mkae nje.”

Majirani walicheka hadi wakashika mbavu. Alasiri wakazidisha: wakatoka na masufuria na miiko, kelele tupu, Gamaliel mhunzi akiwa mbele, wamtumbukize Tuffley bwawani. Naye akakimbilia wapi? Kwetu! Safari hii alibisha hodi, akaomba. Barnaby akamwingiza, kisha akarudi kusimama palepale.

“Mtoe huyo panya!” Gamaliel akanguruma. “Asubuhi umemfukuza, sasa umemfanya mjomba wako?”

“Asubuhi alitaka kuingia bila hati. Wewe unataka kuingia na nini, Mzee Gamaliel? Sufuria?”

“Sisi ni wengi!”

“Hata mngekuwa Uingereza nzima. Haki niliyo nayo mimi, naye anayo. Kama amekosa, mpelekeni kwa hakimu.”

Jiwe likavunja dirisha langu. Nikatoka na ufagio: “Gamaliel, nilikuosha matako ukiwa mchanga! Ukitaka kumpita mwanangu, anza na mimi!” Watu wakacheka, hasira ikawapungua, wakatawanyika. Ila Gamaliel aligeuka akasema, “Hereford hutatusemea wewe, msaliti.”

Wiki nzima hatukusalimiwa, Silvanus. Mwanangu alikuwa akisukuma sahani bila kula. Alikuwa tayari kuvunjiwa madirisha yote. Kunyang'anywa safari ile ndiko kulikomchoma.

Jumapili hii baada ya ibada wakakutana kumchagua mwingine. Gamaliel akasimama. Nikashikilia benchi kwa mikono miwili.

“Nimekosa usingizi,” akasema. “Nilijiuliza, siku kijiji kizima kikinigeuka mimi, nitakimbilia kwa nani? Kila nikifikiri naona mlango mmoja tu. Aende huyuhuyu.”

Mikono ikainuka kanisa zima. Na dirisha langu amelitengeneza mwenyewe, bila kuombwa.

Barnaby ameondoka leo alfajiri na koti la marehemu baba yetu. Ilinibidi nilifumue na kulipanua mabegani, maana mwanangu ni mpana kuliko baba.

Nisalimie wifi Dorcas, binti yako Tamsin, na shangazi Hepzibah kama bado anabisha na kila mtu. Mungu awafunike kwa mkono wake, awape mavuno na amani ya nyumba.

Na ukisikia huko kwamba kijana mmoja wa Wormbrook aliwanyamazisha mabwana wa Hereford, usiulize ni nani. Waambie wewe ndiye mjomba wake.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Keturah Skyrme