Pedi Kumi na Sita, Vidole Vinane

Jumatatu, 10 Februari
Nimefungua studio saa mbili. Nimefagia, nimewasha umeme, nimepanguza mashine yangu ya mapigo ya ngoma kwa kitambaa kikavu. Pedi kumi na sita za mpira, mistari minne, kila mstari pedi nne. Skrini ndogo juu. Nobu za kuzungusha upande wa kulia, vitufe vya kuanzisha na kusimamisha upande wa kushoto. Miaka saba naijua hata nikifumba macho. Pedi ya kwanza iko chini kushoto, karibu na tumbo la mpigaji. Hapo ndipo ngoma kubwa hukaa, na ngoma ndogo kando yake. Kayamba na matoazi hukaa mstari wa juu kabisa.

Daktari amesema kidonda kimefunga. Kidole cha shahada na cha kati, mkono wa kulia, havipo tena. Ni ile mashine ya kukatia ng'ombe majani kwa mama, kule Githongo, siku mbili kabla ya Krismasi. Nilikuwa napiga domo badala ya kuangalia nilichoshika. Kosa ni langu. Mama bado analia kama vile ni yeye aliyezungusha gurudumu.

Nimejaribu kupiga dakika kumi. Nimezima.

Jumanne, 11 Februari
Ningeweza kupoteza mkono mzima. Nashukuru. Nimeliandika hilo kwa sababu leo sikulihisi hata kidogo.

Jumatano, 12 Februari
Kwaya ya akina mama wa Githongo inarekodi Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili. Wimbo wao wa kwanza. Wameufanyia mazoezi tangu mahindi yakiwa magotini. Tatizo ni kwamba wale mama hawaimbi kwa saa ya kompyuta. Wakifika kwenye neno tamu wanalivuta. Wakikumbuka marehemu wao wanapunguza mwendo wote pamoja, bila kuambiwa, halafu wanakimbia tena. Ukiwawekea mapigo ya kupangwa wanapotea. Lazima mtu akae pale na kuwafuata kwa mkono.

Huyo mtu ni mimi. Alikuwa mimi.

Leo nimepiga saa mbili nzima. Kidole cha pete kinafika pedi kikiwa kimechelewa, tena hakina nguvu. Kidole kidogo ni cha kuonyesha tu. Gumba lina nguvu, lakini linaangukia pedi za chini, linagonga ngoma kubwa bila kuitwa. Nimetukana. Mwenye duka la mbegu hapo chini amepanda ngazi kuuliza kama niko salama.

Alhamisi, 13 Februari
Nimempigia Njeru wa Embu. Tulijifunza kazi hii pamoja, yeye ana studio kule mjini. Nimemwomba aichukue kwaya. Amekubali haraka mno. Nilitaka akatae kidogo.

Nimekula chapati tatu kwa hasira.

Jumamosi, 15 Februari
Nimekutana na Mama Kanana pale soko la Gakoromone akichagua viazi. Ndiye kiongozi wa kwaya. Ameniwekea ndizi kwenye mfuko bila kuniuliza, akaushika mkono wangu mbovu kwa mikono yake miwili, katikati ya soko, watu wakitazama. Sikumwambia habari ya Njeru. Nimeondoka kama mwizi.

Wale mama walipokezana zamu nilipokuwa hospitali. Kila asubuhi chupa ya uji wa wimbi. Siku kumi na moja. Hakuna aliyekosa zamu yake. Na mimi nawatupa kwa simu ya dakika mbili.

Jumapili, 16 Februari
Mchungaji ameviombea vidole vyangu virejee kazini. Kathure alivizika mwenyewe nyuma ya zizi. Kathure ni dada yangu mkubwa. Akanikanyaga mguu nisicheke. Nimecheka. Ni mara ya kwanza tangu Desemba.

Jumanne, 18 Februari
Njeru alikwenda Githongo jana kufanya mazoezi na kwaya. Amepiga simu asubuhi.

"Buda, hao wamama hawafuati beat. Wanataka beat iwafuate. Mimi hiyo sijui, wacha nikuambie ukweli. Hiyo ni kitu yako."

Nimemshukuru. Wengine wangelazimisha, waharibu, wakae kimya.

Halafu Mama Kanana. Huyo hakusalimia.

"Mwirigi, kwani tulikukosea nini? Si ungetuambia wewe mwenyewe?"

Nimemwambia Jumamosi nitapiga mimi. Sijui nimelitoa wapi neno hilo. Zimebaki siku nne.

Jumatano, 19 Februari
Siku mbaya.

Ilikuwa kliniki ya mazoezi ya mkono. Kabla ya kwenda nilimwachia Kathure orodha kwenye daftari. Siku hizi yeye ndiye ananipangia sauti kwenye mashine, kwa sababu kipanya bado kinanishinda. Niliandika: mstari wa kwanza, ngoma kubwa na ngoma ndogo. Mstari wa pili, makofi. Wa tatu, ngoma za mkono. Wa nne, kayamba na matoazi. Mpangilio wangu wa kila siku. Nilitaka angalau kitu kimoja kiwe kama zamani.

Nimerudi saa tisa. Nimegonga pedi ya chini kushoto. Kayamba. Nimegonga ya pili. Kayamba tena. Ngoma kubwa nimeikuta juu kabisa, chini ya skrini. Amepanga yote miguu juu kichwa chini.

Kathure ana kitalu cha miche ya kahawa. Shamba letu linashuka kutoka barabarani mpaka mtoni, kama mashamba yote ya kwetu. Matuta yanahesabiwa kuanzia juu, penye nyumba. Tuta la kwanza ni la barabarani, la mwisho liko majini. Nimemfokea kwamba kila mtu duniani anajua mashine hii huanzia chini. Akaniangalia kama mtoto mchafu.

"Ni nani huhesabu shamba akianzia mtoni? Wewe ulizaliwa wapi?"

Nimemwambia maneno mabaya. Kwamba arudi kwa miche yake. Ameivaa sweta yake polepole, akaondoka. Mtu aliyeninawisha uso mwezi mzima.

Alhamisi, 20 Februari
Nilikuja mapema ili nigeuze kila kitu kabla ya kumwomba msamaha. Chai mkononi, mashine imewashwa. Nikaweka mikono juu yake nikingoja chai ipoe. Nikagonga tu.

Gumba la kulia likaanguka pale linapoanguka siku zote. Chini. Kayamba likalia. Nikaligonga tena. Tena. Gumba halichoki, na kayamba halihitaji zaidi ya hilo. Mkono wa kushoto, wenye vidole vyake vyote, ukapanda juu wenyewe ukakuta ngoma kubwa na ngoma ndogo zimekaa kando kwa kando. Kidole cha pete kikapata matoazi palepale jirani na gumba, hakina haja ya kunyooka.

Nimepiga dakika tano bila kusimama. Halafu nimelia, na chai imepoa kabisa.

Miaka saba nilidhani pedi ya kwanza iko chini kwa sababu ndiko iliko. Sikuwahi kujiuliza. Kumbe mashine haijali. Ukiiambia ngoma ikae juu, inakaa juu.

Nimempigia Kathure. Nimemwambia nimekosa, na kwamba mpangilio wake ndio unaofaa. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasema hajasikia vizuri, network ni mbaya. Nikarudia mara ya tatu. Nikasikia miche yote ya kahawa na wafanyakazi wawili wakicheka. Alikuwa ameniweka kwenye spika.

Ijumaa, 21 Februari
Mazoezi kutwa. Mkono unauma, kwenye vidole ambavyo havipo. Naogopa. Nimeomba kwa maneno machache, bila mapambo.

Jumamosi, 22 Februari
Wamekuja kumi na wanne. Studio yangu inatosha watu saba. Wengine wameimbia kwenye ngazi, mlango wazi, na mwenye duka la mbegu amefunga redio yake kwa heshima.

Mara ya kwanza nimekosea. Mkono wa kushoto ulikwenda chini kwa mazoea. Mama Kanana akainua kidole kimoja, tukaanza upya. Mara ya pili nimekosea tena. Jasho. Hakuna aliyeguna.

Mara ya tatu walifika kwenye ule ubeti wa waliotangulia. Wakapunguza mwendo. Nikapunguza. Wakavuta, gumba likangoja. Wakasimama kabisa, pumzi moja, hakuna aliyeamua. Na mimi nilikuwa nimesimama nao. Halafu wote tukaingia pamoja.

Walipomaliza, Mama Kanana akasema: "Hiyo ndiyo. Usiiguse."

Sitaigusa. Kuna mahali mtu amekohoa kwenye ngazi. Abaki hapo.

Asante Mungu. Asante Kathure. Asante Njeru kwa kushindwa na kusema.

Jumanne, 25 Februari
Vijana wanne wa Kangeta wamekuja na wimbo wao. Hawana mpango wowote, sauti wanazo. Tumeanza saa tatu asubuhi. Tumebadilisha mapigo mara tano. Mmoja alitaka ngoma nzito zaidi, mwingine alitaka nyepesi, wakabishana, nikawaacha wabishane huku nikipiga zote mbili. Tumekula maandazi. Wameondoka saa kumi.

Nimefunika mashine, nimeosha vikombe. Maji yalikuwa baridi. Nikautazama mkono wa kulia ndani ya povu, na ndipo nikakumbuka kwamba una vidole vitatu.

Tangu asubuhi sikuwa nimeuwaza.